Moyo wa papa ulitengenezwa kupitia mkononi, halafu mkono ukagoma

Wakuu, salamu kwenu wote, na zaidi kwa nyie mnaosoma uzi mpaka mwisho halafu mnatoka kimyakimya kama mtu aliyekula kwenye harusi asiyoalikwa.

Naahidi kusema kweli. Chumvi nitatia kidogo sana, maana kwetu siku hizi chumvi imekatazwa na daktari na maman, mama yangu, anaificha.

Mimi ni kijana wa Bukavu, bado niko shule. Nakaa nyuma kabisa darasani, kwenye ile benchi ambayo mwalimu wa hesabu huiangalia kwanza akisikia kicheko. Nawaambia mapema ili mjue anayewapa habari za afya leo ni mtu wa namna gani.

Watu wa nyumbani nitawaacha wazungumze Kiswahili chetu cha Kivu, mtanisamehe (“njo” kwetu ni “ndiyo”). Nikiwatafsiria na tante, shangazi yangu, akajua, atanimaliza.

Twende.

Papa, yaani baba yangu, ni fundi cherehani, mtaa wa Kadutu. Atelier yake ya kushonea ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango unaangalia zile ngazi za udongo ambazo mvua ikinyesha zinageuka kuwa kitu kingine.

Kushona, wakuu, hata mimi naweza kushona mstari ulionyooka kama hakuna mtu wa kunichekesha. Kazi ni kukata.

Papa anachukua kikwembe kipya cha mtu (nyie mnaita kitenge), anakitandika mezani, anaweka alama mbili tatu za chaki, anashika ule mkasi mkubwa wa chuma na kwenda nao bila kusimama. Kra, kra, kra. Akina mama wa Kadutu hawaleti vikwembe vyao kwa sababu ya cherehani yetu, maana cherehani yetu ni mzee kuliko mimi. Wanaleta kwa sababu ya mkono ule wa kuume.

Kwa hiyo mkono ule ndio chakula chetu, ndio ada yangu ya shule, ndio kila kitu. Mliweke hilo akilini.

Mwaka huu papa akaanza kusimama njiani akipanda kutoka sokoni. Tukimuuliza, anasema anatazama ziwa.

Papa hajawahi kutazama ziwa maisha yake yote. Maman akaelewa kabla yetu.

Kufupisha: kifua kikambana, daktari wa hapa akamsikiliza, akampima, akasema huyu avuke mto Ruzizi aende Kigali, Rwanda, haraka, kule wana mashine ya kuangalia mishipa ya moyo. Ilikuwa likizo, nikaenda nao.

Kule wakasema mshipa mmoja unaolisha moyo umebana. Watapitisha mrija mwembamba, waufungue, na waache ndani kibomba kidogo cha waya ili ubaki wazi.

Nikauliza wataingilia wapi. Nikidhani kifuani.

Kwenye kifundo cha mkono.

Wakuu, hiyo ni kama kutoka Nyawera kwenda Kadutu, mitaa ya mji mmoja, kwa kupitia Kamituga huko mbali kabisa. Lakini wenyewe wanajua barabara zao. Wakasema siku hizi wanapenda njia hiyo, kwa wengi ina usalama zaidi, na mgonjwa anaweza kuketi na kusimama mapema.

Na kweli, papa alitoka mle akiwa macho, amevaa bangili ya plastiki yenye hewa kwenye mkono wa kuume, inayobana tundu lisitoe damu.

Swali lake la kwanza:

"Bamenipasua moyo?"

"Hapana papa, bamepita mu mukono."

Akafikiri.

"Sasa mukono njo ilikuwa mugonjwa?"

Nilicheka mpaka nesi akaniangalia vibaya. Sasa naona swali lile lilikuwa la maana kuliko nilivyodhani.

Nesi huyo ndiye alinipa mimi maelekezo, kwa sababu maman alikuwa analia kwa furaha na papa alikuwa anaichunguza bangili yake kama mteja anayekagua zipu. Nikamchukua video akionyesha.

Alisema hivi. Mwanzoni kifundo kikae kimenyooka, asikiegemee. Bangili ikitolewa na damu ikiwa imekatika, aanze kuvichezesha vidole. Afungue mkono wote kama anaonyesha tano. Aufunge polepole bila kulazimisha. Kisha kidole gumba kiende kusalimia kila kidole kwenye ncha, mpaka kile kidogo, halafu kirudi. Baadaye ashike kitu laini, sponji au kampira, akibinye na kukiachia. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Asibebe kitu kizito wala asikamue nguo mpaka muda waliompa uishe. Damu ikitoka, kubinya kwa nguvu pale pale na kukimbilia hospitali. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vya bluu, au vikifa ganzi, kukimbilia hospitali vilevile, hakuna kusubiri kesho.

Nikamuuliza, mbona mazoezi ya mkono wakati uliokuwa mgonjwa ni moyo?

Akasema mkono umepitishwa kitu, umeshtuka. Ukiuacha ukae bure unavimba na kukakamaa. Ukiuchezesha, damu inatembea, uvimbe unashuka, nguvu inarudi.

Rahisi, sivyo? Hata mimi wa benchi ya nyuma nilielewa.

Sasa hapa ndipo Bukavu inapoingia.

Kwetu mgonjwa akirudi nyumbani, watu wanakuja. Watu wa shirika, yaani wakristo wa mtaa wetu, wateja, majirani, ndugu kutoka Katana na viazi vitamu na ndizi. Wanakuja wengi na wanakuja kila siku. Ni jambo zuri, silichezei.

Lakini lina sheria zake ambazo hakuna mtu aliyeziandika. Mgonjwa lazima aonekane mgonjwa. Akae kwenye kiti cha salon, yaani sebuleni, blanketi magotini, sweta hata kama jua linawaka, aongee polepole. Mtu amepanda ngazi zile kwenye tope, amevaa viatu vya misa, anataka amkute mgonjwa. Akikukuta unacheka na kunyoosha viungo, atashuka akisema: "Ule hakuwakaka na kintu," yaani hakuumwa lolote.

Na papa alikuwa na tatizo kubwa. Wageni walisikia amefanyiwa moyo, wakaja kuangalia mshono. Wanauliza: "Balipasua wapi?" Papa anafungua shati. Kifua safi kabisa, kama cha mtoto wa ubatizo.

Kisha ananyoosha kifundo. Pale pana kidoti.

Niliona uso wa mama mmoja ukibadilika kutoka huruma kwenda mashaka kwa haraka ambayo sijawahi kuona.

Ndipo akafika tante Nsimire, dada mkubwa wa papa, kutoka Katana. Wakuu, tante Nsimire akiingia nyumbani hata saa ya ukutani inakaa vizuri. Akakamata mkono wa papa, akaugeuza huku na huku.

"Njo hii? Batu batoke mpaka Katana kuya kuangalia kidonda ya mbu?"

Papa akajitetea kwamba ndani walifanya kazi kubwa.

"Ndani haionekanake," akasema tante.

Akafungua mfuko wake, akatoa kikwembe kisafi, akaufunga mkono wa papa kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, mzunguko juu ya mzunguko, halafu akauning'iniza shingoni. Alipomaliza, papa alionekana kama mtu aliyeanguka kutoka kwenye lori njia ya Kamituga.

Wageni waliofuata waliridhika sana.

Mimi nilisema. Nawaapia, nilisema. "Tante, nesi alionyesha mazoezi, ile mukono inapaswa kuchezacheza." Nikamwonyesha na video.

"Mukono inapumuzika," akasema, bila kuiangalia.

Kumkatalia tante hakuna anayejua kunafanywaje. Maman hajui, papa hajui, na mumewe amekufa bila kujua.

Siku zikapita. Mkono ndani ya kikwembe, kikwembe shingoni, wageni mlangoni.

Kila nikimkumbusha papa mazoezi anasema "kesho". Nilishangaa, kwa sababu papa ni mtu wa kusikiliza maelekezo. Huyu ni mtu anayesoma karatasi ya ndani ya sanduku la dawa mpaka jina la kiwanda.

Kikwembe kikifunguliwa kwa kuosha, naona vidole. Vimevimba kama zile ndizi fupi. Papa hakuweza kufunga kifungo cha shati. Alisema kidole gumba anakisikia kwa mbali, kama mtu anayebisha nyumba ya jirani.

Halafu akaja Maman Furaha.

Maman Furaha ni mteja wetu wa tangu zamani, alikuwa ameacha kikwembe cha harusi ya binti yake kabla papa hajaugua. Alimsalimia papa vizuri, akaombea nyumba, akasema hakuna haraka, pona kwanza. Akaangalia ule mkono. Kisha akamwuliza maman chini chini kama anaweza kukichukua kikwembe, "tu kwa kukionyesha mutoto."

Alishuka ngazi na kikwembe chake kwapani.

Papa alimfuata kwa macho mpaka akapotea. Mimi nilikuwa na utani tayari kuhusu wateja wanaohama kama wachezaji wa mpira, nikautazama uso wake, nikauacha.

Kesho yake mchana tante akaingia na beseni. Maji yanatoa mvuke, majani yanaelea juu.

"Leta mukono, nikande. Damu imelala mule."

Nikasimama mbele ya papa kama golikipa.

"Tante, hapana. Mushipa haiyapona muzuri. Ukikanda pale, damu inaweza toka."

"Nani anasema?"

"Nesi ya Kigali."

"Nesi ya Kigali njo alibebaka huyu muntu mu mugongo? Mimi njo nilimubebaka!"

"Tante, naomba..."

"Weye, biologie ulipata ngapi?"

Wakuu, kuna maswali ambayo hayafai kuulizwa mbele ya wageni, na wageni walikuwepo.

"Quatre," nikasema. Nne, wakuu.

"Juu ya ngapi?"

"Tante, tuache biologie."

Wageni wakacheka, tante akasogeza beseni, na mimi nikabaki nimesimama pale, mikono imenyooshwa. Ndipo maman, ambaye hakuwa amesema kitu tangu tante afike, akaweka chini sinia ya chai.

"Tunaenda kwa daktari," akasema. "Sasa hivi. Tante, tafazali, uvae viatu."

Hapo ndipo nilijifunza kwamba tante anakatalika. Unamwambia avae viatu.

(Naongeza baadaye: mkuu mmoja ameandika hapo chini "mlipaswa kwenda kwa daktari siku ya kwanza ya uvimbe na ganzi". Uko sahihi, mkuu. Ndiyo sababu naandika. Tulikuwa na bahati tu.)

Daktari wa hapa Bukavu alikuwa kijana. Akafungua kikwembe, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kikajaa meza. Akashika mikono yote miwili ya papa, akalinganisha joto. Akatafuta mapigo pale kwenye kifundo. Akabinya kucha ikawa nyeupe, akaangalia inavyorudi rangi.

"Damu inapita bien. Tundu imefunga. Hii mukono haina kingine, imefungwa tu sawa mufungwa. Mazoezi balikuonyesha?"

Kila mmoja wetu akaangalia upande wake.

Akasema kukanda na maji ya moto hapana, kufunga hapana, kuning'iniza hapana. Ukikaa, uweke juu ya mto. Na mazoezi yaanze leo, polepole.

Kwa tante ilikuwa kama ameambiwa ubatizo wake haukushika. Njiani alisema neno moja tu: "Badokta ba siku hizi ni batoto." Lakini kikwembe akakirudisha kwenye mfuko wake, na hakukitoa tena.

Mnafikiri basi? Hapana.

Papa alifanya mazoezi, ndiyo, wakati hakuna mtu. Lakini kwetu hakuna mtu ni saa ngapi? Akisikia tu "hodi", mkono unaingia chini ya blanketi na kulala mle kama samaki. Hakutaka watu wamkute anachezea vidole kama mtoto wa maternelle, yaani chekechea.

Nikijaribu kumvuta, ananiambia: "Bageni batasema nini?"

Wokovu ukatoka kwa tante mwenyewe, na mpaka leo hajui.

Alikuwa amemletea papa rozari yake ya chembe kubwa za mti. Asubuhi moja akamkuta papa ameishika.

"Eh! Rozari mu mukono ya kushoto? Umekuwa nani sasa?"

Akaichukua, akaiweka kwenye mkono wa kuume. Papa hakuwa na la kufanya, akaanza. Na mimi nikaona.

Chembe moja, kidole gumba kinaisukuma. Chembe nyingine, gumba linaisukuma. Gumba likienda kusalimia kidole cha shahada, likirudi, likienda tena.

Wakuu, ilikuwa ile video ya nesi, lakini na Salamu Maria ndani yake.

Nikavaa uso wa utakatifu ambao ulimwogopesha maman.

"Tante iko na haki kabisa," nikasema. "Na papa, ingefaa kila chembe ipate kidole yake. Moja hapa, moja hapa, mpaka kwa kidole kidogo, halafu unarudi. Njo heshima."

Tante akaniangalia kama amemwona mtoto mpotevu akiingia getini.

"Unaona? Huyu mutoto iko na akili, ni shule tu inamuharibisha."

Papa akanitazama. Alielewa mara moja. Pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo, kitu ambacho kilikuwa hakijatokea tangu Kigali.

Kuanzia siku ile wageni walimkuta mgonjwa kama wanavyompenda: blanketi, sweta, rozari mkononi. Papa Cirhuza, kiongozi wa shirika letu, alisimama mlangoni akaguswa sana.

"Ugonjwa imemurudisha kwa Bwana," akasema, na akapiga magoti tusali pamoja. Nasi tukapiga magoti.

Tatizo, kila kundi la wageni lilitaka kusali pamoja naye. Rozari nzima. Mafumbo yote. Wale waliozoea kuja kukaa dakika mbili na kunywa chai wakaanza kutuma salamu kwa simu. Gumba la papa likapata mazoezi ambayo hata nesi asingethubutu kuyaagiza. Ilibidi mimi nimkumbushe apumzike, mimi huyu, nimwambie baba yangu apunguze sala.

Ikabaki kubinya kitu laini. Sponji ya jikoni maman hakutoa. Nikachukua kampira ka mdogo wangu Neema, bado anatambaa, nikampa papa akaweke chini ya blanketi na mkono ule ule baada ya rozari.

Sikukumbuka kwamba kale kampira kanalia.

Papa Cirhuza yuko katikati ya maombi ya mwisho, macho amefumba, sauti imeshuka, anaombea wagonjwa wote wa dunia. Chini ya blanketi: *kwiii*.

Akanyamaza. Akaendelea.

*Kwiii.*

"Muko na panya," akasema, bado amefumba macho.

"Ndiyo, Papa Cirhuza," nikajibu. "Ni wa zamani."

Maman alikuwa ameinamisha kichwa kwa ibada, mabega yanatikisika. Papa alikuwa mwekundu kama amepanda ngazi mbio, nikaogopa kwa ajili ya moyo wake. Lakini alikuwa anazuia kicheko. Hiyo tu.

Uvimbe ukaanza kushuka. Ganzi ikarudi nyuma kidogo kidogo. Kifungo kimoja cha shati, kesho viwili.

Halafu mchana mmoja maman akaleta bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, na kijiko cha papa kama alivyozoea siku hizo. Papa akakiweka kijiko pembeni. Akakata tonge na mkono wa kuume, akaliviringa, akalibonyeza na gumba pale katikati pa kuchotea. Polepole. Akala.

Maman akamwongezea sombe.

Kwenye control, siku ya kurudi kuangaliwa tena, daktari akamwambia anaweza kurudia kazi yake taratibu, asijichoshe. Tukafurahi wote.

Lakini papa hakuingia atelier.

Mkasi ulikuwa kwenye msumari wake, unaonekana kutoka salon. Papa anapita mlango ule kwenda nje, anapita kurudi, hageuki. Nikaanza kuhesabu visingizio vyake kisha nikaacha: kuna baridi mule, hakuna umeme, meza ina vumbi.

Jumapili moja baada ya misa tukawa sisi wawili tu. Nikaona nimuulize moja kwa moja.

"Papa, mukasi je?"

"Mukasi iko pale."

"Utaijaribu lini?"

Akaufungua mkono wake na kuufunga, bila kuuangalia.

"Weye unafikiri nilikubali tante anifunge juu ya bageni?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu ya wageni. Sote tulidhani hivyo.

"Bageni ni bageni," akasema. "Mukono ikifungwa, haikatae kazi. Imefungwa tu. Mutu akiniuliza, namuonyesha kikwembe. Sasa kikwembe bameitoa. Nikishika ule mukasi na mukono ikakataa, nitaonyesha nini?"

Wakuu, mimi ni mtu wa utani. Utani ulikuja, kama kawaida. Nikaumeza, na kumeza utani kunauma kuliko mnavyodhani.

Kwa sababu nilikuwa nimemcheka siku zile zote kwa kujificha chini ya blanketi, na kumbe mtu yule hakuwa anawakimbia wageni. Alikuwa analikimbia jibu la mkono.

Nikasema tu:

"Nitashika kitambaa ile upande ingine."

Papa akainuka, akatoka nje.

Siku iliyofuata nimetoka shule, nafika ngazi ya mwisho, naona mlango wa atelier uko wazi. Wazi kabisa, ule wa barabarani, watu wanapita wanaangalia ndani.

Papa amesimama mezani. Ametandika shuka la zamani. Mkasi uko mbele yake.

"Umechelewa," akasema. "Shika ile upande."

Nikashika.

Akauchukua mkasi. Vidole vikaingia kwenye matundu kwa shida kidogo. Akakata. *Kra.* Akasimama. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Mbele ya mlango wazi, watu wakipita na mabidoni yao ya maji, papa akaweka mkasi chini, akafungua mkono wote, akaufunga, akasalimianisha gumba na vidole vyake vyote kwa zamu. Hakuna rozari, hakuna blanketi. Jirani mmoja akasimama kutazama. Papa akamsalimia, akaendelea.

Kisha akachukua mkasi tena. *Kra, kra.* Akapumzika. *Kra, kra, kra.*

Mstari haukunyooka. Shuka lile lilikatwa kama barabara yetu. Lakini alifika upande wa pili, kwangu.

Mimi sasa sikuweza tena. Nilikuwa nimejizuia tangu Jumapili. Nikaanza kutangaza kama mechi: "Papa anapanda na mukasi, anapita mutu wa kwanza, anateleza, oh la la, arbitre anasema endelea..."

Papa akaweka mkasi mezani, akanizunguka, akanipiga konzi.

Konzi kavu, wakuu. Ya mkono wa kuume. Vidole vyote vimefungwa, gumba limekaa mahali pake. Nikaona nyota mchana.

Maman kutoka jikoni: "Ni nini iyo?"

"Hakuna," papa akasema. "Najaribu mukono."

Machozi yalinitoka, na msiniulize yalikuwa ya nini, maana hata mimi sikuyatenganisha.

Somo langu ni fupi. Mimi si daktari, mnajua alama yangu ya biologie. Mkitoka hospitali na mgonjwa aliyepitishiwa mrija mkononi, ulizeni vizuri mazoezi gani, yaanze lini, yaishie wapi, na dalili gani za kumrudisha haraka. Mkono usipewe likizo ambayo daktari hakuitoa.

Lakini la pili ndilo lililonikaa. Sisi tulimpenda papa kwa chai, sala, kikwembe na viazi vya Katana. Nyumba nzima ilijaa watu wa kumuuliza anaumwa wapi. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini, na jibu alikuwa nalo muda wote.

Nyie ambao mmeuguza mtu nyumbani, mzazi hasa, mzazi wa kiume hasa: mlimuuliza vipi, na alijibu nini? Andikeni hapo chini. Nitasoma yote, kichwa bado kina nundu lakini macho ni mazima.